Chupa ya Bluu na Upara wa Baba

Kinyozi mwenye adabu hamwambii mteja kwamba hana nywele. Hilo nililijua mapema, kabla hata sijajua kunoa wembe vizuri. Mzee mwenye upara akiketi, unamfunga shuka shingoni, unapunguza zile za pembeni, kisha unapandisha mkasi hadi utosini na kuuchezesha hewani kana kwamba kuna nywele za kukatwa. Mzee anafumba macho, anausikia mkasi ukifanya kazi juu ya kichwa chake, anaondoka ameridhika. Mimi nilikuwa bingwa wa kukata hewa. Katika mji mzima wa Kyela hapakuwa na kinyozi aliyenifikia kwa hilo, na sikuona haya kusema hivyo.

Kibanda changu kilikuwa nyuma ya soko, upande wanakoshushia ndizi. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, vitu tulivyozoea kuvisikia tu vilipoanza kumiminika madukani: sabuni zenye kunukia, losheni za kila rangi, mitumba, redio. Nilikuwa na mashine ya mkono, wembe, mkasi mmoja mzuri, kioo kilichopasuka pembeni, na mdomo. Mdomo ndio ulioleta wateja.

Aibu yangu ilikuwa shingo. Wahenga wanasema kinyozi hajinyoi. Mimi kwa ubishi nilijinyoa, na ndevu zikanilipa kwa kuota kuelekea ndani, zikaniachia vipele vyeusi kutoka sikio hadi sikio. Nusu ya wateja wangu walikuwa na vipele kama hivyo, na vingine, nikiri, vilitoka mikononi mwangu. Kwa hiyo habari za ngozi na nywele za wanaume zilinihusu mimi kuliko mtu yeyote pale sokoni.

Aliyeleta chupa alikuwa binamu yangu, mtoto wa shangazi. Mumewe alikuwa amefariki miaka miwili kabla, akamwachia watoto wanne na shamba la mpunga kule Ndandalo. Aliishi kwa kuvuka Mto Songwe: anapeleka mchele Karonga, anarudi na vitenge na mafuta ya kujipaka. Ndugu zetu wengi wako ng'ambo ile, kwa hiyo kwake kwenda Malawi ilikuwa kama kwenda kusalimia. Asubuhi hiyo alikaa kwenye benchi langu mpaka mteja wa mwisho alipotoka, kisha akatoa chupa mbili za kioo kwenye kikapu. Maji yaliyokuwa ndani yalikuwa ya bluu.

“Ugonile, kaka,” alinisalimia kwa lugha ya kwetu.

“Ndaga. Umeleta nini tena?”

“Dawa ya wanaume. Ya upara na ya vipele vya ndevu. Imetoka Afrika Kusini, na kuna mtu Karonga anasema atanipa makatoni.”

“Na unaniletea mimi kwa sababu naanza upara?”

“Nakuletea kwa sababu wewe ndiye unayeshika vichwa vya watu. Mimi nikimwuliza mwanaume habari za upara wake atanifukuza. Jaribu wewe. Mpunga ukishavunwa nitakuja kukuuliza. Ukisema inafanya kazi, nabadilisha mpunga wangu wote kwa hayo makatoni. Ukisema haifanyi, sichukui hata chupa moja.”

“Wote?”

“Wote. Vitenge siku hizi kila mtu anauza.”

Aliondoka akaniachia chupa na maneno hayo. Mpunga wake wote maana yake ni chakula cha watoto, ada yao na paa la nyumba yao. Mtu mwenye akili angeogopa. Mimi niliona raha kwamba neno langu lina uzito kiasi hicho.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kwa hiyo Kiingereza cha kwenye kibandiko nilikisoma bila shida mpaka nilipofika kwenye jina la dawa yenyewe. Shaba nililielewa. Lililofuata, peptaidi, lilinishinda. Nikampelekea mganga wa zahanati, ambaye nilimnyoa kila mwisho wa mwezi. Alivaa miwani, akaisogeza chupa dirishani.

“Ni vipande vidogo vya protini vilivyoshikamana na shaba,” alisema. “Ngozi iliyochubuka huenda ikasaidika. Kuhusu upara usiniulize, mimi nimesomea malaria.”

Nilianza na shingo yangu. Kila asubuhi nilipaka upande wa kushoto tu, wa kulia nikauacha kama ulivyo, na pande zote mbili nikizinyoa kwa wembe uleule. Baada ya wiki tatu nilimwita mama muuza kahawa wa jirani, ambaye hakujua lolote, nikamwinulia kidevu na kumwuliza upande upi una nafuu. Alinishika kidevu kama anachagua nyanya, akanigeuza huku na huku, akasema wa kushoto. Vipele havikuwa vimekwisha, lakini vilikuwa vimetulia, hata kidole kiliona tofauti. Nilijiona daktari kamili.

Ukabaki upara.

Hapo ndipo msiba ulipotukuta. Ndugu mkubwa wa marehemu babu yetu alifariki Makwale katikati ya masika, na ukoo wetu, pamoja na kwenda kwetu kanisani, ulikuwa bado unashika desturi ya wanaume kunyoa vichwa baada ya maziko. Kinyozi wa ukoo ni nani? Nilinyoa wanaume wote siku moja, kuanzia asubuhi mpaka mchana, kwenye benchi lililowekwa chini ya migomba. Nilipofika kwa baba na mdogo wake, mmoja baada ya mwingine, wazo likanijia. Wale wawili walikuwa na upara mmoja, wa ukoo, ulioanzia mahali pamoja na kuishia mahali pamoja. Sasa walikuwa wamenyolewa siku moja kwa wembe mmoja. Mmoja apake dawa, mwingine asipake, halafu tuone. Nani angenipa nafasi kama hiyo tena?

Shangazi alinisikia nikiwaeleza, akasema sina adabu, marehemu hata hajapoa. Alikuwa na haki. Lakini baba aliinua mkono kumtuliza, akaipokea chupa ya pili ambayo ilikuwa bado haijafunguliwa.

“Baba, wewe unapaka matone machache utosini kila jioni. Baba mdogo hapaki kabisa. Kila Jumapili nakuja kutazama.”

“Kila Jumapili?” baba aliuliza.

“Kila Jumapili mpaka chupa iishe.”

Niseme na hili. Mama alikuwa amekwisha kututoka, na baba aliishi peke yake hukohuko Makwale, kati ya kakao na migomba yake, baba mdogo akiwa nyumba ya pili. Kutoka mjini mpaka kwake ni safari ya baiskeli ya kawaida tu. Kabla ya hapo nilikuwa nakwenda wakati wa mavuno na Krismasi, na kila mara nilikuwa na sababu nzuri ya kuondoka mapema.

Sasa nikawa mtu wa Jumapili. Nilifika nikiwa na matope mpaka magotini, na kila mara nilikuta baba ameandaa ndizi na samaki mbasa. Nilitaka kichwa kwanza. Yeye alitaka nile kwanza.

“Kula, gwe mwana. Kichwa hakikimbii.”

Baada ya kula tulizungumza, baba mdogo naye akaja, tukaongea habari za mto, za bei ya kakao, za ng'ombe wa watu. Jua likianza kuinama ndipo baba aliponiinamishia kichwa kwenye kivuli cha migomba. Jumapili ya kwanza sikuona kitu. Ya pili alisema panawasha, na baba mdogo akadakia kwamba hata mbegu huwasha udongo kabla ya kuota. Ya tatu niliona malaika, vile vinywele laini vya kitoto, au niliona nilichotaka kuona. Ya nne baba aliushika mkono wangu mwenyewe akaupitisha utosini.

“Husikii?”

Nilisikia. Naapa nilisikia. Kichwa kilichonyolewa kinapoanza kurudisha nywele za pembeni, hata katikati huonekana kama kuna jambo, na mimi niliyenyoa vichwa maelfu nilipaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote. Lakini nilirudi mjini nikiimba barabara nzima.

Kesho yake kila aliyeketi kitini kwangu alipata habari. Nilieleza shaba, nikaeleza protini, nikaeleza kichwa cha baba kama shamba lililopandwa upya. Watu wakapelekeana habari hizo mpaka stendi. Wanaume waliokuwa wakivaa kofia kanisani wakaanza kupita kibandani kwangu kununua nyembe wasizozihitaji, wakiuliza kwa sauti ya chini, kwa niaba ya rafiki, dawa itafika lini. Lisemwalo lipo, walisema, kama halipo laja. Binamu yangu alisikia kabla sijamwambia mwenyewe. Mpunga ulikuwa umeshavunwa.

“Kwa hiyo ndiyo?” aliniuliza.

“Ndiyo,” nilisema. “Nimeona kwa macho yangu.”

“Basi Alhamisi navuka.”

Jumatano niliamua kwenda Makwale kuichukua ile chupa. Niliwaza kwamba lazima itakuwa imebaki tone tu, na binamu akimwonyesha yule mtu wa Karonga chupa iliyotumika mpaka mwisho, atapata bei nzuri. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika siku isiyo Jumapili. Baba alikuwa shambani. Chupa niliikuta dirishani, na nikasimama nikiitazama.

Ilikuwa imejaa.

Niliiinua kwenye mwanga. Ilikuwa imejaa kuliko siku niliyowapa, maji yamefika shingoni, na bluu yake ilikuwa nzito, chini pametuama unga. Nikatoka nayo nje. Baba mdogo alikuwa anakuja, kofia mkononi kwa sababu ya joto, na utosi wake, utosi wa mtu ambaye hakupaswa kugusa dawa, ulikuwa na rangi ya bluu iliyopauka na vidonda vidogo vidogo.

“Baba mdogo, nini hicho kichwani?”

Alivaa kofia haraka. “Jumapili bado,” alisema.

Baba naye akatokea, panga mkononi, akaniona na chupa, akajua. Nilimvua kofia mwenyewe. Kwake ilikuwa vibaya zaidi, ngozi imebabuka na inang'aa kwa mafuta ya kupikia aliyoipaka kuituliza. Nilipandwa na hasira kiasi cha kusahau kusalimia. Niliuliza ni nani aliyemwambia ampe mdogo wake dawa, wakati nilisema wazi, mmoja apake, mwingine asipake.

“Sasa nikae naye hapa jioni,” baba alisema, “nijipake mimi peke yangu, yeye ananitazama tu?”

Kwetu kuna neno ukwangala, maana yake kukaa na wenzako, kula nao na kuzungumza nao kwa moyo mmoja, na mtu anayekula peke yake mbele ya ndugu yake hana jina zuri. Nilikuwa nimewaomba wazee wawili wa Makwale wafanye kitu ambacho hawajawahi kukifanya tangu wanazaliwa. Waligawana kuanzia jioni ya kwanza.

“Na hiki kilichojazwa ni nini?”

Walitazamana. Baba mdogo akaonyesha banda kwa kidevu. Ndani ya banda kulikuwa na kopo la unga wa bluu, ule wa kunyunyizia kakao matunda yasioze.

“Ulipoondoka Jumapili ilikuwa inakaribia kuisha, tukaongeza,” alisema. “Si ulisema ni shaba? Na kopo lile bwana shamba alituambia ni shaba. Shaba si shaba?”

Niliwapigia kelele, wazee wangu wote wawili, siku ya kazi, majirani wakisikia. Niliwaambia wangeweza kupofuka. Niliwaambia kuna mjane anayetaka kuuza mpunga wake wote kesho kwa sababu ya vichwa vyao. Niliwauliza kwa nini walinidanganya kwamba nywele zinaota wakati wanajua hazioti. Baba alingoja nimalize. Hakuwa na hasira hata kidogo.

“Ulisema utakuja mpaka chupa iishe,” alisema.

Nilikaa chini, palepale kwenye kizingiti. Wiki zote zile nilidhani mimi ndiye ninayewachunguza. Baba alikuwa ananunua samaki, anapika, anajichoma utosi kwa dawa ya kakao, ili mwanawe aendelee kuona kuna kitu cha kuja kutazama.

Niliwaosha vichwa kwa maji mengi na sabuni, mara tatu, nikiwasugua taratibu kama watoto, nao wakatulia. Chupa niliimwaga shimoni, kopo nikalirudisha na kulifunga. Kisha nikapanda baiskeli. Nilipofika Ndandalo jioni ile watoto wakaniambia mama yao ameshatangulia na mizigo, atalala kwa shoga yake Njisi, mpakani, ili avuke mapema. Asubuhi, kabla soko halijachangamka, nilimkuta karibu na daraja la Songwe. Magunia yalikuwa yamefungwa kwenye baiskeli tano na waendeshaji walikuwa wanakunywa chai.

“Umekuja kunisindikiza?” alisema akicheka.

“Nimekuja kukurudisha. Dawa ya upara haifanyi kazi. Nilikosea.”

Nilimweleza yote, mbele ya wale waendeshaji, maana kama kujisifu nilijisifu hadharani. Kicheko chake kiliondoka kidogo kidogo. Alinitazama, akatazama magunia.

“Uliniambia umeona kwa macho yako.”

“Niliona nilichotaka. Vipele vya shingo, hilo nasimama nalo, vinapungua. Ukitaka chukua chupa chache za hao wenye vipele, nitawapaka mwenyewe. Lakini upara, hapana.”

“Mji mzima umesikia ndiyo yako.”

“Utasikia na hapana yangu. Kwa mdomo uleule.”

Alisonya. Alisema mambo kuhusu mdomo wangu ambayo sitayaandika, na yote yalikuwa kweli. Halafu akawaambia waendeshaji magunia manne yarudi Ndandalo, moja livuke kwa vitenge kama kawaida. Alipokuwa anaifunga upya kamba alinishukuru bila kunitazama, “Afadhali nimelisikia hapa kuliko ng'ambo. Ndaga.”

Siku hiyo nilisimama mlangoni pa kibanda changu na kuwaambia wote waliopita. Nilichekwa mpaka nikazoea. Mama muuza kahawa aliniita Bwana Shaba hadi mwaka ulipokwisha, na wenye kofia walirudi kwenye kofia zao. Nilidhani nitapoteza wateja. Waliongezeka, kwa sababu kinyozi akikwambia shingo yako inahitaji kupumzishwa wembe wiki mbili, na juzi tu alikiri kosa lake mbele za watu, unamsikiliza.

Ngozi ya baba ilipopona alikuja mjini siku ya soko. Aliketi kitini mbele ya wateja waliojaa kwenye benchi, akavua kofia, akasema nimnyoe. Nilimfunga shuka. Nilipunguza za pembeni polepole, nikasafisha kisogo, kisha mkono wangu, kwa mazoea ya miaka, ukapandisha mkasi utosini. Ukasimama pale. Nikaushusha. Nikachukua kitambaa chenye maji, nikampangusa utosi, nikampaka mafuta kidogo palipobaki alama.

“Umemaliza?” aliuliza, macho bado ameyafumba.

“Nimemaliza, Baba.”

“Leo sikusikia mkasi huku juu.”

“Huku juu hakuna kitu, Baba.”

Baba alifumbua macho, akajitazama kwenye kioo kilichopasuka, akageuza kichwa kushoto na kulia.

“Najua,” alisema. “Miaka yote hiyo nilikuwa najua. Nilikuwa naona unapenda kukata.”

Nilimfungua shuka, nikalikung'uta, ingawa hapakuwa na nywele nyingi za kukung'uta. Alisimama, akavaa kofia, akaenda mpaka mlangoni na kugeuka.

“Jumapili?”

“Nakuja.”

“Na chupa hakuna.”

“Nakuja hivyohivyo.”

“Basi nitafute samaki,” alisema, akaingia sokoni.